Homa ya ini C: je, tumpime kila mtu?

Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, Misri iliwapima homa ya ini C watu wazima karibu milioni 50, na waliokutwa na virusi wakatibiwa bure. Tangu hapo wako wanaotaka na sisi, Tanzania na Kenya, tufanye vivyo hivyo.

Hoja yao ni nzito. Virusi hivi huenea kwa damu, na hukaa kwenye ini hata miaka 20 bila mtu kuumwa. Siku tumbo linapojaa maji na macho kuwa ya njano, ini limeshaota makovu, pengine na saratani. Chanjo hakuna, lakini tiba ipo: vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir, kwa wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Inaniuma mtu kufa kwa ugonjwa unaopona ndani ya miezi mitatu.

Ila Misri ina historia yake. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kichocho kilitibiwa vijijini kwa sindano, na sindano moja ilitumika kwa wengi bila kutakaswa ipasavyo. Utafiti wa kitaifa wa 2008 ulikuta kingamwili za virusi hivi, yaani alama ambazo mwili huacha kwenye damu baada ya kupambana navyo, kwa watu karibu 15 katika kila 100. Pia nchi hiyo ilikuwa ikitengeneza dawa zake yenyewe kwa bei nafuu, ilhali sofosbuvir ilipoingia sokoni Marekani dozi nzima iliuzwa dola 84,000.

Pale ambapo ugonjwa ni nadra, hesabu hugeuka. Tuseme watu 10,000 wanapimwa, na walioambukizwa ni 50. Kipimo kinachokosea kwa mmoja tu kati ya kila watu 100 wasioambukizwa kitawaambia wengine wapatao 100 kwamba wanao. Yaani kwa kila mgonjwa wa kweli, wawili wametiwa hofu bure. Tena kipimo hicho cha kwanza hutafuta kingamwili, nazo hubaki hata kwa aliyekwisha pona, na watu 15 hadi 45 katika kila 100 walioambukizwa huvimaliza virusi wenyewe bila dawa. Kwa hiyo lazima kifuate kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe, na hicho ni ghali. Anayepewa jibu la kwanza kijijini na hana nauli ya kufuata la pili anabaki na jina la ugonjwa, na majirani wakishajua, ndoa na biashara vyote hutikisika.

Wapo wanaosema pia kwamba wengi hawafikii makovu ya ini, basi tusisumbuke. Hilo silikubali. Hatujui mapema nani atafikia, na aliyeambukizwa anaweza kumwambukiza mwingine.

Kwa Tanzania na Kenya, naona tuanze na wanaojidunga dawa za kulevya, walio kwenye kliniki za methadoni (dawa ya kuwasaidia kuacha heroini) na wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo. Wachangiaji damu tayari hupimwa. Kila anayekutwa na maambukizi aitwe, aambiwe na atibiwe. Mashine za GeneXpert tunazotumia kwa kifua kikuu zinaweza kupima virusi hivi pia.

Udhaifu wa njia hii ni aibu: wengi hawatakiri kwamba waliwahi kujidunga. Ndiyo sababu mojawapo Marekani, tangu 2020, inapendekeza kila mtu mzima apimwe angalau mara moja. Basi kwenye maeneo yenye maambukizi mengi, kama baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam na Mombasa, kila mtu mzima anayefika kliniki apewe nafasi ya kupimwa bila kuulizwa maisha yake, mradi dawa ziwe zimeshafika kabla ya vipimo.