Reli ya Voi–Taveta irudishiwe treni

Malindi hatuna reli, lakini hii ninayoitetea inatuhusu. Ni ile ya kutoka Voi kwenda Taveta, ambayo Waingereza walianza kuijenga 1915 ili wapeleke askari kupigana na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Imetelekezwa miaka na miaka. Mimi nasema ifufuliwe, iwe ya watalii.

Anayekula kwa utalii Malindi atanielewa upesi. Mvua zikishika bara, Mto Sabaki huteremsha tope hadi bahari yetu ikawa nyekundu, na mgeni aliyefuata maji ya buluu anauliza sasa aende wapi. Tunampeleka Tsavo. Gari linaondoka alfajiri, linapita Langobaya hadi lango la Sala, na jioni mgeni amerudi, vumbi limemganda hadi kwenye nyusi. Ndovu amewaona, yamekwisha. Kungekuwa na treni Voi, angelala huko, na dereva wetu angepata kazi ya siku mbili tatu badala ya moja.

Na ya kuonyesha yapo tele. Reli inapita Mwatate na Maktau, inakatiza mbuga ya Tsavo Magharibi, na karibu na Taveta kuna kilima cha Salaita, palipopiganwa Februari 1916. Hapo mwongozaji kutoka Malindi ana la kusema kuliko yeyote. Wagiriama walioasi 1914, wakachomewa nyumba zao, walikuwa wamekataa, pamoja na mengine, vijana wao kuchukuliwa kwa kazi za wakoloni. Sanamu ya Mekatilili, mwanamke aliyewaongoza kuwapinga wakoloni, iko hapa hapa mjini. Mgeni akiiona kwanza, kisha akaipanda reli ya vita, atajua vita vile vilibebwa na mabega ya nani.

Wapo wanaosema reli kuukuu zing'olewe ziwe njia za baiskeli. Huko New York wamefanya hivyo kati ya Tupper Lake na Lake Placid, na kwao inafaa. Lakini Tsavo kuna simba. Nani atamwachia mwanawe aendeshe baiskeli humo?

Gharama ni kubwa, sibishi. Ila reli ya Nanyuki nayo ilikuwa imelala, na 2020 treni ya abiria ikarudi.

Sharti langu ni moja, na silegezi: isiwe treni ya wageni peke yao. Nyuma ya mabehewa ya watalii yafungwe ya wenyeji, kwa nauli ya mwenyeji, mama wa Taveta apakie ndizi zake azishushe Voi. Treni inayompita mwananchi bila kusimama haitalindwa na mtu, na vyuma vyake vitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Waanze na kipande cha Voi hadi Maktau, na waliojenga kandokando ya reli wasikilizwe kabla tingatinga halijafika.