Njia Isiyo na Namba

Wiki iliyopita nilikwenda kutoa maoni. Vikao hivi mnavijua: tangazo linatoka Jumatatu, kikao ni Alhamisi saa tatu, wakubwa wanafika saa tano, na maji ya chupa yamekwisha kabla ya dua ya kufungulia. Safari hii ilikuwa mpango wa matumizi ya ardhi. Ramani imebandikwa ukutani kwa selotepu, feni inaipeperusha kona moja, na kijana wa mipango anatusomea rangi. Kahawia ni makazi. Nyekundu ni biashara. Zambarau ni viwanda. Na kaya yetu, msitu mtakatifu wa sisi Wamijikenda wa Pwani ya Kenya? Kitone cha kijani, rangi ileile ya uwanja wa mpira ulio upande wa pili wa barabara.

Mzee mmoja akasimama, kaniki kiunoni na bakora mkononi, akaenda hadi ukutani. Akaweka kidole. Kidole kikaifunika kaya yote.

"Kaya nimeiona, mwanangu. Njia ya kuiendea iko wapi?"

Kijana akatazama karatasi zake, akatazama ramani. "Mzee, hapo hakuna njia. Hapo ni ploti. Hiyo njia yenu haina namba."

Watu wakacheka. Mzee akarudi kukaa. Kikao kikaendelea na habari za taa za barabarani.

Haina namba. Njia iliyokanyagwa na mababu wa babu yake haipo, kwa sababu hakuna aliyeipa namba. Lakini ploti iliyokatwa juzi, ambayo mwenyewe hajawahi hata kuikanyaga, hiyo ipo. Ina bikoni nne.

Tusidanganyane kwamba kaya hazina ulinzi wa karatasi. Zimekuwa zikitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa minara ya kitaifa, yaani mahali pa kumbukumbu panapolindwa na sheria, tangu 1992. Mwaka 2008 UNESCO ikaingiza baadhi yake katika urithi wa dunia. Mwaka uliofuata ikaweka mila zenyewe za kaya kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Haraka! Kuna Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006, na kuna Katiba, ambayo hunukuliwa sana na watu wakiwa na maikrofoni. Karatasi tunazo hadi za kufungia karanga.

Shida ni kwamba karatasi zote hizo zinalinda miti mpaka pale mti wa mwisho unapoishia. Hatua moja mbele ni soko huria. Kaya Kinondo ni kama hekta 30 tu. Ukiuzungushia msitu wa kadiri hiyo kuta za mawe pande zote, hukuukata hata tawi, lakini umeuua. Upepo na jua vinaukausha kutoka ukingoni kuja ndani. Moto wa kusafishia shamba unaingia. Takataka za ujenzi zinatupwa palepale kwenye ukingo, maana "huko ni porini tu". Nyani na ndege waliokuwa wakibeba mbegu kutoka kichaka hiki hadi kile hawana tena pa kupitia. Na binadamu naye hana. Mwenye ploti anafunga lango, anafuga mbwa wawili, na wazee wanaokwenda kuombea mvua wanaulizwa na askari wa lango wanakwenda kwa nani.

Wanakwenda kwa nani! Jibu hilo utaliandika vipi kwenye daftari la wageni?

Ninachodai ni kitu kimoja: utaratibu ugeuzwe. Kabla mtu hajashika kalamu ya rangi, atembee kwa miguu na wazee wa kaya. Aandike njia, visima, makaburi, uwanja wa mikutano, mikondo ya maji ya masika. Hivyo vyote vichorwe kwanza, na ukanda wa wazi kuzunguka msitu, halafu ndipo kahawia na nyekundu zigawane kilichobaki. Sasa hivi tunafanya kinyume. Tunagawa ploti, kisha tunatafuta pa kuusukumia urithi, kama mgeni aliyefika watu wameshalala.

Najua hapa pana ugumu wa kweli. Kuna vitu mzee wa kaya hatakuonyesha hata ukimlipa. Fingo, hirizi ya kuilinda kaya, limezikwa wapi si habari ya kubandikwa ukutani na selotepu. Na wana sababu: vigango vingapi, nguzo za kuchongwa za kukumbuka wafu, vimeng'olewa makaburini vikauzwa hadi Marekani, vikapambia sebule za watu na kuingia makavazi ya huko? Vingine vimerudishwa baada ya miaka ya kubembeleza. Kwa hiyo ramani yenye alama ya kila kitu kitakatifu ni zawadi kwa mwizi. Sawa. Basi usichore kitu, chora eneo. Eneo pana, lisilojengwa, na ramani isiseme sababu. Kambi za jeshi huchorwa hivyohivyo na hakuna anayeuliza.

Mwaka 1914 Waingereza walipotaka kuvunja nguvu ya Wagiriama, Wamijikenda wenzetu, baada ya mwanamke wao Mekatilili wa Menza kuwakusanya watu waupinge utawala wa kikoloni, waliilipua kaya yao, Kaya Fungo, kwa baruti. Walijua pale ni mahali. Adui aliipa kaya heshima ya kuiogopa. Sisi baruti ya nini? Tunaye mpima ardhi.

Haya, na lile mtakaloniambia kwenye simu nitalisema mwenyewe: waliouza ni wetu. Kweli. Wapo wazee waliotia kidole gumba, na wapo wana wa kaya waliokuwa madalali. Chale kilikuwa kisiwa kitakatifu, leo kina hoteli, na haikushuka kutoka mbinguni. Na kijana asiye na kazi ukimwambia habari ya mizimu, anakuuliza mizimu inalipa karo? Sina jibu zuri. Lakini kijana huyohuyo hatapata ploti hata moja kati ya zile zilizochorwa juu ya njia ya babu yake. Hilo nalijua.

Na wanaosema mpango ni makaratasi ya kufukuza wawekezaji, waulizeni habari ya Mlima Mrima kule Kwale. Msitu wa hifadhi, mnara wa kitaifa, kaya, na chini yake madini ya thamani. Leseni ya uchimbaji ilitolewa, ikafutwa 2013, kesi ikapelekwa kwa wasuluhishi wa kimataifa, na 2018 kampuni ikashindwa kwa kuwa leseni ilipatikana bila kufuata sheria, ya mazingira ikiwemo. Miaka mitano ya mawakili kwa jambo ambalo lingemalizwa mapema na mchoro unaoheshimiwa. Kule Delta ya Tana nako ilibidi Mahakama Kuu iamuru mwaka 2013 mpango wa matumizi ya ardhi uandaliwe, na kufikia hapo watu walikuwa wameshachinjana.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wake wa miaka kumi. Wengine miaka kumi wameimalizia kwenye kuutafuta mpango.

Kikao kilipokwisha tuligawiwa fomu. Chini ya neno MAONI palikuwa na mistari mitatu. Mzee akaniomba nimwandikie, miwani aliiacha nyumbani. Akaanza kutaja: njia ya mbele, njia ya nyuma ya akina mama, kisima cha mkwajuni, makaburi ya upande wa mashariki, mbuyu ambao chini yake hapalimwi. Mistari ikaisha tukiwa kwenye kisima. Nikageuza karatasi nikaendelea upande wa nyuma, naye akiwa amefumba macho, anatembea.