Kang'olewa Kulwa, Mgonjwa ni Doto

Mimi si mtu wa makelele, Chumbageni nzima inajua. Lakini leo kompyuta ya dukani imetoa mstari mmoja mweupe, ikanyamaza kama mtu anayedaiwa. Na walimu wamepanga foleni na mitihani yao ya kuchapa.

Ndani mna diski mbili mapacha. ZFS, programu inayotunza mafaili humo, huandika kila kitu kwa zote. Nawaita Kulwa na Doto. Juzi Doto akaanza kukohoa, skrini ikasema mgonjwa ni sdb, jina ambalo kompyuta ilimpa yeye.

Fundi akaja jana na baiskeli. "Kaka, mgonjwa yupi?"

"sdb."

Akazima, akawatoa wote, akawafuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Karatasi zangu, K na D, nilizobandika kwa ugali, zikaenda na vumbi.

"Fundi, hayo ndiyo majina yao!"

"Kaka, ZFS huijui. Kila diski ina hirizi nne za kuitambulisha, kilobaiti 256 kila moja, mbili kichwani, mbili miguuni. Haipotei hiyo."

Kweli haipotei. Anayepotea ni fundi. Hirizi huzisoma ZFS. Sda na sdb ni majina ya kugawiwa tu mashine inapowaka. Karudisha nyaya, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kuwasha, sdb sasa ni Kulwa! Akazima tena, akamng'oa Kulwa, mzima wa afya, akamtia mfukoni. Nikamlipa. Na chai akanywa.

Kabaki Doto, ambaye kipande cha diski cha kuwashia kompyuta hajawahi kupewa. Upacha wao ni wa mafaili, kile kipande kiko nje. Mimi mwenyewe ndiye niliyesahau, lakini leo tunamzungumzia fundi.

Nimewasha kwa flashi. Skrini inasema hadhi imeshuka. Hadhi! Niko chini ya meza, suruali nimeikunja, joto la Tanga hili. Na mahali pa Kulwa pana tarakimu ndefu kama namba ya NIDA, kisha: zamani aliitwa sdb3. Kama tangazo la msiba.

Nikampigia. "Fundi, nisomee namba ya kiwandani kwenye hiyo diski."

"Niko Pangani, kaka."

"Na diski?"

"Ninayo huku huku. Ila maandishi madogo, na miwani nimeisahau kwako."

Kweli, hii hapa juu ya printa. Nimeijaribu. Kumbe kibao cha mama muhogo hapo ng'ambo kimeandikwa elfu moja. Miezi yote hii nampa mia tano. Ndiyo maana salamu zangu haitikii.