Kuku wa Kienyeji Amechakura Wapi?

Mombasa hii kuku wa kienyeji hana mpinzani. Anauzwa ghali kuliko wa gredi na watu hawabishi: nyama ina ladha, mchuzi unakolea, tena hajalishwa madawa. Sawa, lakini amechakura wapi?

Kuku wa kujitafutia humeza udongo pamoja na punje na wadudu. Udongo ukiwa na risasi, haya madini ya kwenye betri za gari, nayo anayameza. Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, tunaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi pale 2007, kikafungwa 2014, na kesi ya wakazi ikafika Mahakama ya Juu, iliyowapa haki Desemba 2024. Damu za watoto zilipimwa, na ilipasa zipimwe. Ningependa sasa kuku wa uani nao wapimwe, maana wanaishi kwenye udongo uleule.

Tena wapimwe na anayejua kazi. Ini ndilo hupambana na sumu. Seli zake zikiumia, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, huvujia kwenye damu, ndiyo maabara hutafuta kimoja kiitwacho AST. Tatizo ni kwamba AST imo hata kwenye misuli. Jogoo aliyening'inizwa miguu juu kwenye bodaboda kutoka Kilifi anaweza kutoa namba kubwa na ini lake ni zima kabisa. Kwa hiyo hupimwa pia CK, kimeng'enya cha misuli: zikipanda zote mbili, usikimbilie kulaumu ini. Halafu kuna aflatoksini, sumu ya ukungu. Mahindi yaliyoota ukungu kwa unyevu wetu wa pwani huharibu ini bila msaada wa kiwanda chochote.

Moshi wa plastiki una mambo yake. Mwaka 2005 mayai ya kuku waliofugwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalikutwa na dioksini nyingi, sumu inayotokana na kuchoma taka kama plastiki. Sumu hii hulichochea ini lizalishe vimeng'enya vya kuvunja sumu kupita kawaida, lakini hivyo hubaki ndani ya seli, kwa hiyo damu inaweza isionyeshe kitu.

Ndiyo maana kaunti ikianza, mimi ningeanza na mayai na maini, Owino Uhuru na karibu na jaa la Mwakirunge. Wakati tunasubiri, anayefuga maeneo hayo awawekee kuku chakula kwenye chombo, asikimwage chini. Firigisi ya baba iendelee kuheshimiwa, ila maini ya kuku wa jaani msiwape watoto. Risasi haiondoki kwa kuchemshwa.