Vitanzi 270

Niseme ukweli mapema: mchoro ule wa kufumia sweta niliuchagua kwa sababu ya picha. Dada aliyevaa sweta ameegemea mlango, mikono mfukoni, nywele zinapepea, nami nikaamini kwamba nikilifuma sweta lile upepo utanijia na mimi. Sikuona kwamba dada mwenyewe anakaribia kulingana na mlango kwa urefu. Wala sikusoma kwamba mchoro ni wa uzi wa sufu, sweta la baridi ya theluji, shingo inapanda hadi masikioni.

Nilichotaka mimi ni sweta la majira ya kuchipua, yale ambayo asubuhi unatetemeka na saa sita unajipepea. Nikasema haidhuru, nitaurekebisha. Sufu tuiache, niweke pamba. Shingo ishuke hadi kwenye mtulinga. Mikono iishie kwenye kiwiko. Sindano za milimita 4 nikazibadilisha kwa za milimita 5 na uzi nao nikachukua mnene kidogo, ili ufumaji uwe na matundu ya kupitisha hewa. Nilipomaliza kurekebisha, kitu pekee ambacho sikukigusa kwenye mchoro ule ni picha.

Shangazi ndiye aliyenifundisha kufuma. Nikampelekea habari.

"Umefuma kipande cha majaribio?"

"Nimefuma, shangazi."

"Umekiosha?"

"Kwani kimechafuka?"

Akaguna. Shangazi akiguna, mtu mwenye akili hurudi nyumbani akajitafakari. Mimi nilirudi nyumbani nikaanza kufuma.

Sasa hapa kwenye kipande ndipo palipozaliwa msiba. Mchoro ulitaka vitanzi 22, yaani vile vijicho vya uzi vinavyokaa kwenye sindano, katika sentimita 10. Mimi nilipopima nikapata 18, jambo la kawaida kabisa kwa uzi mnene na sindano nene: kila kitanzi kimenenepa, kinakaa nafasi kubwa, kwa hiyo unahitaji vichache. Sweta lilikuwa la kifua cha sentimita 100, vitanzi 220. Kwa vitanzi vyangu vinene, 180 vingetosha. Mtoto wa shule angekwambia hivyo huku anatafuna kalamu.

Lakini mimi niliitazama ile 18, nikaitazama 22, nikasema moyoni: maskini, vitanzi vyangu vimepungua. Kilichopungua hufanywa nini? Huongezwa. Nikachukua 220, nikazidisha kwa 22, nikagawanya kwa 18. Kikokotoo kikanipa 268.9 bila hata kuniuliza swali. Nikaikamilisha ikawa 269. Kisha nikakumbuka ukingo wa chini unafumwa kitanzi kimoja mbele kimoja nyuma, lazima idadi igawanyike kwa mbili. Nikaongeza kimoja. 270. Nilijiona mhandisi.

Mtu ataniuliza, ina maana hukuona? Sikuona, na nina sababu. Nilikuwa nafumia sindano ya duara, ile yenye waya katikati, na waya wenyewe ni sentimita 80. Vitanzi 270 vikibanwa kwenye waya wa sentimita 80 hujikunja kama pazia lililosukumwa pembeni. Unaona mikunjo tu, upana huujui. Shangazi alishaniambia nikifika kwapani nivihamishie vitanzi kwenye kamba ndefu ili nilipime sweta mwilini. Nikakataa. Nilitaka liwe jambo la kushtukiza.

Mikono nayo nikaipigia hesabu ileile. Uzi ukaisha. Mchoro ulisema vidonge 8 vya uzi, kila kimoja gramu 50. Mimi nilikuwa nimefika cha 11 na bega silioni. Nikanunua vingine kimyakimya, nikavificha nyuma ya mablanketi, na huko ndiko mume wangu aliponifumania. Nikamwambia pamba ni nzito kuliko sufu. Hilo ni kweli, na ni jambo pekee la kweli nililomwambia mwezi ule.

Miezi miwili na nusu baadaye, vidonge 16, gramu 800, nikakata uzi wa mwisho. Nikaliosha vizuri, nikaliminya, nikalianika kwenye kamba likining'inia mabegani. Kosa lingine, kwani pamba haina mnyumbuko wa sufu, ikivutwa na uzito wa maji hairudi. Nililianika saa tatu asubuhi likiwa refu kupita kiuno kidogo. Saa saba likawa linagusa nyasi.

Mume wangu akaiona kamba nzima imelemaa, akauliza kwa upole, "Hili tunalitandika kitanda gani?"

Sikumjibu. Nikaenda chumbani kulivaa. Niliingiza kichwa, nikaingiza mikono, nikalishusha, likashuka. Halikusimama. Shingo niliyoipanua mwenyewe ilipita mabegani bila kuaga, ikapita kiunoni, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya sweta kama mchi kwenye kinu. Nikalivuta juu, nikalishikilia kwa mikono miwili, nikajitazama kwenye kioo. Kifua sentimita 150. Mkono mmoja sentimita 51, paja langu lingeingia likabaki na nafasi ya mgeni. Nikiwa bado naduwaa, mwanangu wa miaka mitano akapenya kwa chini, akatokeza kichwa kwenye shingo pembeni ya changu, akasema, "Mama, na baba aje."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika, ila sweta lilifika guuni.

Shangazi alikuja jioni. Hakucheka mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Alilizunguka, akalipima, akaniomba ile karatasi ya hesabu. Aliposoma "ongeza" ndipo alipokaa chini, akaufunika uso kwa mkono mmoja wa sweta, mabega yakawa yanaruka. Alipopata pumzi akatafuta ncha ya uzi pale shingoni.

"Haya. Kufuma na kufumua ni herufi moja tu. Wewe vuta, mimi nakunja."

Tulifumua hadi usiku. Uzi ulitoka umejipinda kama nywele zilizofunguliwa misuko, tukaufunga mafungu makubwa, tukauloweka unyooke. Shangazi akaandika 180 kwa herufi kubwa juu ya mchoro, juu kabisa ya uso wa yule dada wa mlangoni.

"Sasa kabla hujaanza, niletee kile kipande tukioshe."

Nikanyamaza.

"Kiko wapi?"

"Kimekuwa blanketi la mwanasesere."

Shangazi akanitazama, akainuka, akaenda taratibu chumbani kwa mtoto, na kutoka sebuleni nikawasikia wakibishana nani mwenye mali.