Kodi ya Nyumba za Mombasa Haitoshi Kukuhamisha Ureno

Hakuna mwezi unaopita bila mtu kuniandikia kuhusu visa ya D7. Wengi wao wanakaribia kustaafu, wana fleti mbili tatu za kupangisha Bamburi au Mtwapa, na wamesikia kwamba Ureno humpa ukaazi mtu mwenye kipato kinachoingia bila yeye kwenda kazini: kodi ya nyumba, pensheni, gawio la hisa. Wamesikia kweli. Visa hiyo ipo, inatokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 2007, na mimi mwenyewe naishi Setúbal kwa njia hiyo. Ninachokikataa ni hesabu wanayopewa na madalali wa visa kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba ukishafikisha kiwango cha ubalozi basi maisha yamejipa. Kuna watu wanauza viwanja vya urithi kwa kuiamini hesabu hiyo, na ndiyo maana sinyamazi.

Kiwango chenyewe kimefungwa kwenye mshahara wa chini wa Ureno. Mwaka huu wa 2026 ni yuro 920 kwa mwezi kwa mwombaji, nusu yake kwa mume au mke, na asilimia 30 kwa kila mtoto. Baba, mama na watoto wawili wanatakiwa waonyeshe yuro 1,932. Juu ya hapo, kwa kawaida hutakiwa uwe na akiba ya kutosha mwaka mzima, na mara nyingi wanataka waione katika akaunti ya benki ya Ureno. Dalali anaizidisha ile 920 kwa bei ya yuro ya siku hiyo, anakuambia ni shilingi laki moja na arubaini hivi, na mwenye fleti sita anaona jambo limekwisha.

Sasa tuirudishe nyuma hesabu hiyo. Mwaka 2022 ulipoanza, mshahara wa chini ulikuwa yuro 705, na yuro moja ilikuwa kama shilingi 128 za Kenya. Aliyekuwa akikusanya shilingi 90,000 na kitu alikuwa amefika. Januari 2024 mshahara ule ulikuwa umepanda hadi yuro 820, na shilingi yetu ilikuwa imeporomoka hata yuro ikakaribia 175. Mtu yuleyule, na fleti zilezile, sasa alihitaji zaidi ya shilingi 140,000. Ndani ya miaka miwili kiwango kilipanda kwa zaidi ya nusu. Nionyesheni mpangaji wa Kisauni aliyekubali kuongezewa kodi kwa nusu ndani ya miaka hiyo miwili. Ukimwongeza elfu mbili tu anaanza kuulizia nyumba mtaa wa pili.

Shilingi ilijikusanya tena mwaka huohuo wa 2024, nayo tuishukuru. Lakini mshahara wa chini wa Ureno haurudi nyuma. Ulikuwa 870 mwaka 2025, sasa ni 920, na serikali, waajiri na shirikisho moja la vyama vya wafanyakazi walikwisha kukubaliana ufike 1,020 mwaka 2028. Kibali cha kwanza ni cha miaka miwili, kinachofuata ni cha mitatu, na kila unapohuisha unapimwa kwa kiwango cha siku hiyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye fleti Mtwapa ni kama kodi zake zitakuwa zinapanda kwa kasi ya mshahara wa Mreno, kwa sarafu ambayo haipangi yeye wala mpangaji wake. Mimi jibu langu ni hapana, na sijaona dalali aliyenipa sababu ya kulibadilisha.

Halafu kuna maisha yenyewe. Yuro 920 ni mshahara wa mtu anayefagia duka au kupanga bidhaa kwenye rafu, na hata yeye anakuzidi, kwa sababu Ureno mshahara hulipwa mara 14 kwa mwaka, pamoja na malipo ya likizo na ya Krismasi. Wareno wenyewe wanaoishi kwa pesa hiyo hawapati nyumba. Tangu 2023 wamekuwa wakiandamana Lisbon, Porto na miji mingine wakidai nyumba ya kuishi, na ukitazama matangazo ya fleti unawaelewa. Mgeni anabanwa zaidi. Mwenye nyumba atataka mdhamini mwenye kipato ndani ya Ureno, na usipokuwa naye atadai kodi ya miezi kadhaa mbele. Na ubalozi unataka uthibitisho wa mahali pa kuishi kabla hujapewa visa, kwa hiyo unaanza kulipia nyumba ambayo bado hujaruhusiwa kuilala.

Na hizo nyumba zina baridi. Sisi wa pwani tunaiogopa baridi ya nje, ya upepo na mvua, tunanunua makoti. Fleti nyingi za hapa hazina mfumo wa kupasha joto, kuta zake ni nyembamba, na mwezi wa Januari ukiingia ndani unahisi ubaridi kuliko barabarani penye jua. Nyuma ya kabati langu ukuta hufanya ukungu mweusi, nausugua kwa jiki, na baada ya wiki mbili umerudi. Nina mashine ya kufyonza unyevu inayonguruma usiku kucha sebuleni. Asubuhi namwaga ndoo yake, maji yaliyokuwa hewani tunayoivuta. Bili ya stima ya mwezi huo haimo katika video yoyote ya dalali.

Nasema na hili, ingawa wenzangu wa D7 hawapendi kulisikia. Sisi tunaofika na pesa za nje tumo miongoni mwa wanaomsukuma Mreno nje ya mtaa wake. Jirani yangu wa chini, bibi aliyezaliwa mtaa huu, watoto wake wote wamehamia mbali kwa sababu ya kodi. Hajawahi kunilaumu, hunigongea mlango na mchuzi wa samaki. Lakini fleti ninayokaa ingeweza kuwa ya mwanawe, na anayekuja hapa aje akilijua hilo, ajifunze Kireno, na asije kutamba madukani kwamba kila kitu ni rahisi.

Turudi kwenye hayo maneno "bila kwenda kazini". Nani hafanyi kazi? Kwangu anayefanya kazi ni dada yangu. Yeye ndiye anayepanda matatu kwenda Kisauni pampu ya maji inapoungua, yeye ndiye anayeita bauza mifereji inapokauka, na yeye ndiye anayesimama ngazini na fundi wakibishana bei ya koki. Tarehe tano ya mwezi simu yake hujaa ujumbe wa aina hii: "Dada, naomba univumilie hadi tarehe kumi na tano, mshahara umechelewa." Huyo mpangaji ana watoto shuleni, na dada anamfahamu mamake. Anavumilia. Mimi huku tarehe moja nadaiwa kodi yangu kwa yuro, na mwenye nyumba wangu hamfahamu mamangu.

Ajenti angenikata asilimia kumi ya kodi zote. Dada nampa hiyo asilimia kumi, inaingia kwake kabla ya yangu, na ningependa kila anayesoma hapa afanye vivyo hivyo. Nimeona familia zikitengana kwa ajili ya ndugu aliyeko Ulaya anayedhani aliyebaki nyumbani anamfanyia hisani ya bure maisha yake yote, na aliyebaki nyumbani anayeanza kujilipa kimyakimya.

Shida nyingine iko kwenye karatasi. Afisa wa ubalozi haoni nyumba, anaona hati. Na nyumba zetu nyingi za Mombasa zina kila kitu isipokuwa hati. Hati miliki bado ina jina la marehemu baba, au la babu. Mirathi haijapita kwa Kadhi. Ndugu sita wana haki na mmoja ndiye anayekusanya. Kuna pia nyumba ambazo ardhi ni ya mtu mwingine na wewe ni mwenye jengo tu, jambo ambalo sisi tunalielewa bila kuelezwa lakini jaribu kumwelewesha Mreno. Mpangaji hana mkataba, analipa kwa M-Pesa kwenye namba ya dada. Pesa ni za kweli, zimesomesha watu, ila kwa macho ya ubalozi hazipo. Ili zionekane lazima mirathi igawanywe, hati itoke kwa jina lako, mikataba iandikwe na iwekwe sahihi, kodi ipite benki kwa miezi mfululizo, na ushuru uwe umelipwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Anayekuahidi kukamilisha hayo kwa wiki sita anataka kukutengenezea karatasi za uongo, na karatasi za uongo zikigunduliwa aliyeandika jina lake ndiye anayebeba, dalali hayumo.

Kuhusu ushuru nitasema machache, ila myashike. Kenya inatoza asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba za makazi tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 10, kwa mwenye nyumba anayehesabiwa mkazi na ambaye kodi zake kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15. Asiye mkazi anakatwa asilimia 30 ya kodi yote, bila kutoa gharama. Tofauti hiyo inaweza kuifuta D7 yako nzima. Kwa sheria ya Kenya, mwenye makao yake ya kudumu nchini akikanyaga nchini wakati wowote ndani ya mwaka ni mkazi wa mwaka huo. Ureno nayo, ukikaa zaidi ya siku 183, inakuhesabu mkazi wake na kukuuliza kipato chako cha dunia nzima. Ule mpango wa nafuu ya ushuru kwa wageni uliofanya watu wakimbilie huku ulifungwa kwa waombaji wapya mwishoni mwa 2023, ukabaki mlango mdogo wa mpito. Video za kuusifu bado zinazunguka.

Linaloniuma zaidi halihusu pesa. Kibali cha muda kinakukataza kuwa nje ya Ureno miezi sita mfululizo, au jumla ya miezi minane katika muda wote wa kibali. Kwa kibali cha miaka miwili, miezi minane inaonekana mingi mpaka uhesabu Ramadhani nyumbani, harusi ya mpwa, na mama anayeugua. Maiti ya Kiislamu huzikwa siku hiyohiyo. Kutoka hapa mpaka Mombasa mara nyingi unabadili ndege mara mbili, kwa mfano Paris, kisha Nairobi. Mazikoni hutafika. Utafika khitma, ukijaliwa. Na tangu idara mpya ya uhamiaji, AIMA, ichukue kazi ya idara ya zamani, SEF, mwezi Oktoba 2023, na kurithi mafaili yaliyokwama zaidi ya laki tatu, wahamiaji wengi wamejikuta na kadi zilizokwisha muda wakisubiri miadi. Serikali ilitoa amri za kuzirefusha, zikatambuliwa ndani ya Ureno, lakini ukishuka uwanja wa ndege wa nchi nyingine ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja, afisa anaweza kuisoma tarehe iliyo kwenye kadi na asitake kusikia habari ya amri. Watu wamekosa kwenda kuaga wazazi wao kwa hofu hiyo. Anayekuuzia visa akuelezee hili kwanza.

Hata uraia usiuwekee tarehe. Tulipokuja tuliambiwa miaka mitano. Oktoba 2025 Bunge la Ureno lilipiga kura iwe kumi kwa wengi wetu, saba kwa raia wa Umoja wa Ulaya na wa nchi zinazozungumza Kireno kama Msumbiji, na mwezi Desemba Mahakama ya Katiba ikazuia baadhi ya vifungu. Mtu wa miaka 60 anayepanga maisha yake juu ya sheria iliyobishaniwa hivyo anacheza na miaka asiyoweza kuirudisha.

Mbona basi mimi bado niko? Kwa sababu kipato kinachonilisha ni pensheni ya dola kutoka kazi niliyofanya zamani; kodi za Mombasa ni nyongeza, zikikosekana mwezi mmoja sili deni. Hapo ninaipenda Ureno bila kujilazimisha. Nikiugua naenda kituo cha afya cha mtaa na napokelewa kama mtu. Asubuhi za Jumamosi nakwenda soko la Livramento, naona ngisi waliolala juu ya barafu, najua Setúbal wanawakaanga kwa unga na mimi nitawapika kwa nazi ya kopo na ndimu. Ijumaa nikipata nafasi nasali msikiti mkuu wa Lisbon, na ukitoka pale unaweza kukutana na mzee wa Msumbiji akakusalimu kwa Kiswahili. Aliye na pensheni ya fedha za kigeni, hati zake safi na wazazi wasiomtegemea, aje, nami nitamwelekeza kwa kila ninachokijua bila malipo.

Aliye na fleti tu, nampa ushauri ninaowapa ndugu zangu. Maliza mirathi kwanza, hata ikichukua miaka mitatu. Pitisha kodi zako benki, lipa ushuru wake kila tarehe 20. Piga hesabu ya visa kwa yuro ya shilingi 175, kama ilivyokuwa Januari 2024, na utoe asilimia kumi ya anayekusimamia. Ukibaki na zaidi ya mara mbili ya kiwango, tuzungumze. Na fleti unayolala wewe usiipangishe hata ukishapata visa, maana ndiyo inayokufanya uendelee kuwa mkazi mbele ya KRA, na ndiyo utakayofikia siku utakaposhuka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, kwa khitma, au kwa kurudi moja kwa moja.