Kile kirodi chenye kichwa chekundu

Juzi nilikua Changamwe, Mombasa, kwa fundi anaenitengenezea geti la stenlesi, nikamkuta anachonga kwenye grainda ncha ya tangsteni, kile kirodi cha chuma kigumu kinachotoa moto wa kuwelda, hana barakoa, vumbi lote linamrudia puani na huku tunapiga stori. Kirodi chenyewe kina rangi nyekundu kichwani. Nikamuuliza, ami, hiyo nyekundu unajua ni ya nini? Akanambia "ndo ile ngumu, haishi haraka". Basi, stori ikaendelea.

Na ni kweli haishi haraka, maana nyekundu ni ya thoriamu, metali inayotoa mionzi, wanachanganya kama asilimia 2 ya oksaidi yake ili moto ushike upesi na ncha idumu. Thoriamu haikutengenezwa maabara, imo ardhini, Kilima cha Mrima hapo Kwale kinajulikana kwa hiyo, na ule mchanga wa zirkoni uliokua ukichimbwa Kwale nao huwa na uraniamu na thoriamu kidogo. Ndo maana watu husema ah, si ni kitu cha asili tu. Ya asili sawa, lakini asili haikukwambia uisage uivute.

Sitaki kutisha mtu. Miale ya alfa, ndo hiyo mionzi inayotoka kwenye thoriamu, haipenyi hata ngozi, na kuwelda kwenyewe hakuna tabu sana, shida iko kwenye kuchonga, vumbi likishafika kwenye mapafu huko hakuna ngozi ya kukinga tena, na thoriamu kupungua nusu tu inataka miaka bilioni 14. Mafundi wengi kipimo chao cha mionzi huwa chini kabisa ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa wafanyakazi, yaani milisivati (kizio cha mionzi inayoingia mwilini) 20 kwa mwaka ukipiga wastani wa miaka 5, lakini huyu wangu nani alimpima?

Kinachoniudhi ni kua viko virodi vya lanthanamu, metali nyingine, rangi ya dhahabu ama buluu, havina thoriamu na kazi inaenda. Mamlaka ya nyuklia hapa Kenya tunayo, sheria yake ni ya 2019, lakini haitaingia kila gereji ya jua kali, mimi namlaumu muuza duka, yeye ndo anashika boksi mkononi, onyo limeandikwa pale, anauza kimya kimya.

Nikamwambia fundi anunue za buluu. Akasema dukani kwao ziko nyekundu tu. Nikamwachia barakoa iliyokua garini tangu enzi za korona, najua haitoshi, akashukuru akaitundika kwenye msumari, akawasha grainda.